Harufu ya mwili: tunayemtaka haitiki, mbu anaitika

Maji yakipwa kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, wavuna kaa huteremka topeni na fimbo ndefu yenye ncha ya chuma iliyopindwa. Fimbo huingizwa tundu baada ya tundu, chini ya mizizi, na aliyezoea kazi hujua kwa mguso tu kama amegonga mzizi au gamba. Mara nyingine anayetolewa si mmoja. Ni wawili: dume kubwa limemkumbatia jike chini ya kifua chake, na hata likivutwa juani halimwachii.

Jike huyo yu karibu kujivua gamba. Siku chache kabla ya hapo mwili wake huachia kemikali majini pamoja na mkojo, ambao kwa kaa hutokea kichwani, jirani na macho. Dume huinasa kemikali hiyo kwa vipapasio vidogo vinavyochezacheza mbele ya uso wake, humfuata jike, humbeba na kumlinda kwa siku kadhaa. Gamba likishatoka na mwili ungali laini, ndipo hupandana. Katika maji mazito ya delta, ambako mtu haoni hata goti lake, macho hayana kazi. Dume halikumwona jike wala halikumchagua kwa sura. Harufu ndiyo iliyomaliza maneno yote.

Kemikali ya namna hiyo huitwa feromoni. Ni ujumbe unaotoka kwenye mwili wa mnyama mmoja na kubadili tabia au mwili wa mwenzake wa jamii ileile. Siku hizi jina hilo limeshatoka maabara na kuingia madukani. Mitandaoni kunauzwa chupa ndogo za manukato zinazodaiwa kubeba feromoni za binadamu: mwanamume ajipake kidogo shingoni, wanawake wageuke, mwanamke ajipulizie, mume asitoke nyumbani. Bei yake huwa si haba, na wanunuzi hawakosekani kuanzia Kariakoo hadi miji ya pwani ya kusini, Kibiti ikiwemo.

Je, binadamu naye ana feromoni kama kaa wa delta? Wataalamu wamelitafuta jibu kwa zaidi ya nusu karne. Walichokipata hakiwapendezi wauza chupa, lakini kwa watu wa bonde la Rufiji kina thamani kuliko chupa hizo.

Nondo, kaa na beberu

Elimu hii ilianza rasmi mwaka 1959. Mwaka huo Peter Karlson na Martin Lüscher walipendekeza jina la feromoni, na mkemia Mjerumani Adolf Butenandt akatangaza kwamba timu yake imeikamata feromoni ya kwanza. Walikuwa wamefanya kazi kwa takriban miaka 20, wakikamua tezi za nondo jike wa hariri wapatao 500,000 ili kupata miligramu chache tu za kemikali. Chembe kidogo mno ya kemikali hiyo ilitosha kumfanya nondo dume apige mbawa na kuanza kumtafuta jike.

Mwaka 1966 mtafiti aitwaye Ryan alionyesha jambo hilohilo kwa kaa. Alichukua maji ambamo majike waliokaribia kujivua gamba walikuwa wamekaa, akayamimina kwa madume. Jike hakuwapo, lakini madume yalianza kujiweka mikao ya kutafuta mwenza.

Aliyefuga mbuzi hahitaji kwenda maabara kuliona jambo hili. Beberu akinusa mkojo wa jike huinua kichwa, hukunja mdomo wa juu na kubaki hivyo kitambo, kana kwamba anacheka. Wakati huo anaipeleka harufu kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa, kinachofanya kazi ya kunasa jumbe za kemikali. Naye beberu ana ujumbe wake. Wafugaji wanajua kwamba majike waliotengwa na dume kwa muda huanza kuingia joto wakishaletewa beberu. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walibainisha kwamba katika ule uvundo wa nywele za beberu mna kemikali inayochochea sehemu ya ubongo wa jike inayoendesha homoni za uzazi. Hapo feromoni haikubadili tabia peke yake. Imeingia mwilini na kuwasha mitambo ya uzazi.

Ukipanda mto kutoka delta hadi Hifadhi ya Taifa ya Nyerere unawakuta tembo, nao wana mambo yao. Kwa tembo wa Asia, kemikali ambayo jike huitoa kwenye mkojo anapokuwa tayari kupandwa ilitambuliwa mwaka 1996. Cha ajabu, ni kemikali ileile inayotumiwa na baadhi ya nondo.

Mifano hii inatupa kipimo. Feromoni lazima iwe kemikali inayojulikana, itoke kwenye mwili wa jamii husika, na ilete matokeo yaleyale kwa kila anayehusika, leo na kesho, kwa mtafiti huyu na kwa yule. Harufu ya mtu mmoja inayomtambulisha kwa mkewe au mwanawe ni jambo jingine; hiyo ni alama yake binafsi.

Pua yetu

Kile kiungo cha beberu binadamu anacho akiwa tumboni mwa mama. Kwa watu wazima wengi hubaki kitundu kidogo ndani ya pua, bila mishipa ya fahamu ya kupeleka habari kwenye ubongo. Hata jeni ambayo panya huitegemea kukiendesha kiungo hicho, kwa binadamu imeharibika na haifanyi kazi. Hilo peke yake halifungi mjadala, kwa sababu wanyama wengine hunasa feromoni kwa pua ya kawaida. Lakini linatuonya tusijilinganishe na mbuzi haraka.

Harufu yenyewe tunayo tele. Ngozi ina tezi za jasho za aina mbili. Za kwanza zimeenea mwili mzima na kutoa jasho la maji la kupoza joto. Za pili ziko kwapani na sehemu za siri, na huamka mtoto anapobalehe. Jasho la tezi hizi za pili likitoka halinuki kitu. Kikwapa ni kazi ya bakteria wanaolila. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walikieleza kimeng'enya ambacho bakteria mmoja wa kwapani hukitumia kutengeneza ile harufu kali. Kwa kuwa tezi hizi huanza kazi wakati wa balehe, wataalamu walihisi kwamba kama binadamu ana feromoni, kwapa ndipo pa kuanzia. Wakaanza.

Hedhi za bwenini

Utafiti uliovuma kuliko yote ni wa Martha McClintock, uliochapishwa mwaka 1971. Aliwafuatilia wasichana 135 wa bweni moja la chuo nchini Marekani, akasema wanaokaa pamoja huanza kuingia hedhini karibu siku zilezile. Mwaka 1998 yeye na mwenzake walidai kwamba chanzo ni kemikali za kwapani. Habari ikaenea dunia nzima, na hadi leo ukiwauliza wanafunzi wa bweni lolote la wasichana Tanzania watakuambia ni kweli, wameyaona kwa macho yao.

Walichokiona kipo, ila hesabu inakieleza bila feromoni. Wanawake wawili wenye mzunguko wa siku 28 hawawezi kupishana kwa zaidi ya siku 14. Kwa bahati tupu, wastani wa kupishana kwao ni siku 7, na nusu ya wanawake watakuwa karibu zaidi ya hapo. Hedhi ikichukua siku 5, kugongana ni jambo la kawaida. Zaidi ya hayo, mizunguko haina urefu sawa, kwa hiyo lazima ifike miezi inapokutana kisha itengane. Miezi ya kukutana ndiyo inayokumbukwa.

Watafiti wengine walipopima upya, jambo hilo liliyeyuka. Beverly Strassmann aliwachunguza wanawake wa Kidogoni nchini Mali, ambao kwa mila zao hukaa katika nyumba maalumu wakiwa hedhini, kwa hiyo siku zao hujulikana bila kuulizwa. Hakukuta mfanano. Mwaka 2006 ikachapishwa taarifa ya wanawake 186 wa China waliokaa mabwenini kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nako hapakuwa na kitu.

Hatima ya kemikali mbili zinazotajwa sana kwenye biashara ilikuwa hiyohiyo. Moja hupatikana kwenye jasho na shahawa za wanaume, nyingine kwenye mkojo wa wajawazito. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha jaribio ambamo watu waliziangalia picha za sura huku wakizinusa kemikali hizo bila kujua. Uamuzi wao juu ya nani anavutia haukubadilika hata kidogo. Miaka miwili kabla, Tristram Wyatt wa Oxford, mmoja wa wabobezi wa fani hii, alikuwa ameandika kwamba miongo kadhaa imepotea kwa kuzifukuza kemikali ambazo hakuna aliyewahi kueleza kwa ushahidi kwa nini zilichaguliwa, na kwamba kazi inapaswa kuanzwa upya.

Titi na chozi

Haimaanishi kwamba miili yetu haizungumzi kwa harufu. Ushahidi ulio imara kidogo hauko chumbani kwa wapenzi bali wodi ya wazazi. Mwaka 1975 Aidan Macfarlane alionyesha kwamba kichanga cha siku chache hugeuza kichwa kuelekea kitambaa kilichogusa titi la mama yake kuliko cha mama mwingine. Mwaka 1994 vichanga 30 waliwekwa kifuani mwa mama zao, titi moja likiwa limeoshwa na jingine halijaoshwa. Vichanga 22 walilitafuta lile lisilooshwa.

Mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa walikwenda mbele zaidi. Vile vipele vidogo vilivyo kwenye weusi unaoizunguka chuchu ni tezi, na kwa mama anayenyonyesha hutoa ute kidogo. Waliuweka ute huo karibu na pua za vichanga wa siku tatu, na ute wenyewe ulitoka kwa wanawake ambao si mama zao. Vichanga wakaanza kunyonyanyonya hewa na kupumua kwa nguvu zaidi. Ute wa mama yeyote ulimwamsha mtoto yeyote, na hicho ndicho kipimo cha feromoni. Kilichobaki ni kuipata kemikali yenyewe. Mpaka hapo itakapopatikana, wakunga wanaomlaza mtoto kifuani kwa mama punde tu anapozaliwa, na kuhimiza anyonye ndani ya saa ya kwanza, wanampa nafasi ya kulifuata titi kwa pua.

Chozi nalo limeleta mjadala. Maabara ya Noam Sobel nchini Israeli ilitangaza mwaka 2011 kwamba wanaume walionusa machozi ya wanawake, ambayo kwa pua hayana harufu yoyote, walipungukiwa na homoni ya testosteroni. Mwaka 2023 maabara hiyo ikaongeza kwamba machozi hayo yalipunguza hasira za wanaume katika mchezo wa kulipiza kisasi kwa zaidi ya asilimia 40. Ni matokeo ya kusisimua, ila wapo waliorudia baadhi ya majaribio ya awali wasiyaone, na kemikali yenyewe haijatajwa.

Anayeitika

Yupo kiumbe mmoja ambaye harufu ya binadamu humwamrisha bila ubishi. Si mpenzi, ni mbu jike wa Anofelesi.

Kwa lugha ya wataalamu, kemikali inayomfaa mpokeaji wa jamii nyingine haiitwi feromoni. Lakini ukitaka kujua nguvu ya harufu ya mtu, humo ndimo ilimo. Mbu hunusa hewa tunayoitoa, asidi ya jasho, amonia na asidi za mafuta zinazotengenezwa na bakteria wa ngozi. Katika miaka ya 1990 Bart Knols, Mholanzi aliyefanya kazi Tanzania, na mwenzake Ruurd de Jong waligundua kwamba mbu Anofelesi gambie hupenda kuuma miguuni. Walipozingatia kwamba bakteria wa miguuni ni ndugu wa wale wanaotumika kutengeneza jibini la Limburger lenye uvundo, walilijaribu jibini hilo. Mbu wakalifuata.

Kazi hiyo ilikuzwa na Taasisi ya Afya Ifakara, kwenye bonde la Kilombero ambalo maji yake huingia Rufiji na kuishia katika delta hiihii, wilayani Kibiti. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake walichapisha matokeo ya mchanganyiko walioutengeneza kwa kuiga harufu ya mtu. Mchanganyiko ulipowekwa katika nyumba moja na mtu akalala nyumba nyingine, uliwavuta mbu mara 3 hadi 5 kuliko mtu. Ulipowekwa chumba kimoja na mtu, ushindi ulipotea. Mbu akishafika karibu, joto na mambo mengine ya mwili wa binadamu huongezeka kwenye mizani.

Nchini Kenya, kisiwa cha Rusinga ndani ya Ziwa Victoria kilipata mitego ya harufu inayoendeshwa kwa umeme wa jua kati ya mwaka 2012 na 2015. Wenye vimelea vya malaria walipungua kwa takriban asilimia 30 kwenye nyumba zilizowekewa mitego, na mmoja wa mbu wakubwa wa malaria, Anofelesi funestasi, alipungua zaidi ya hapo.

Harufu ya mtu haiko sawa kwa wote wala kwa siku zote. Nchini Gambia mwaka 2000 ilionekana kwamba wajawazito huwavuta mbu mara mbili ya wasio wajawazito. Wao hupumua hewa nyingi zaidi na matumbo yao yana joto zaidi. Huko Mbita, magharibi mwa Kenya, utafiti wa mwaka 2005 uliwaweka watoto katika makundi ya watatu watatu: asiye na malaria, mwenye malaria ya hatua isiyoambukiza mbu, na mwenye vimelea vya hatua inayomwambukiza mbu. Huyu wa tatu aliwavuta mbu takriban mara mbili ya wenzake. Watoto walipotibiwa, tofauti hiyo ikatoweka. Mwaka 2018 watafiti walizichunguza soksi zilizovaliwa na watoto wa Kenya, wakakuta kwamba walioambukizwa hutoa kwa wingi zaidi kemikali za jamii ya aldehaidi. Kwa maneno mengine, kimelea kikikomaa humbadilisha mtu harufu ili mbu aje kukibeba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na mbu naye ana feromoni zake. Mbu aina ya Kuleksi, anayezaliana kwenye vyoo vya shimo na maji machafu na kueneza matende pwani yetu, hutaga mayai yaliyoshikamana kama chelezo. Juu ya kila yai pana tone la kemikali inayowaita majike wengine waje kutagia hapohapo. Mtanzania Leonard Mboera na wenzake waliijaribu kemikali hiyo ya kutengenezwa kule Muheza, na mwaka 2000 wakachapisha kwamba ikichanganywa na maji ya majani yaliyovunda huwanasa mbu wenye mayai. Kwa wenye matende na mabusha, feromoni yenye maana ni hiyo.

Udi, zabadi na chupa

Watu wa pwani hawakungoja maabara kujua kwamba harufu huvuta. Bibi harusi husingwa, hufukizwa udi na mafusho, huvishwa kikuba cha asumini na rihani. Hata zabadi, iliyothaminiwa zamani katika biashara ya manukato, hutoka kwenye tezi ya fungo iliyo karibu na njia ya haja. Fungo huipaka kwenye miti kuweka alama zake. Mkemia Leopold Ružička aliufumbua muundo wa kemikali kuu ya zabadi katika miaka ya 1920, na mwaka 1939 alitunukiwa Nobeli ya kemia kwa pamoja na Butenandt, yuleyule aliyekuja kuipata feromoni ya nondo.

Lakini zabadi ni ujumbe wa fungo kwa fungo, na udi hutoka kwenye mti. Vinapotupendeza ni kwa sababu tumevizoea tangu utotoni, tukavifungamanisha na arusi, Idi na chumba safi. Mtu aliyekulia kwingine anaweza kukunja pua. Hiyo ni kazi ya kumbukumbu na malezi, nayo si ndogo: moyo hudunda na mwili hulegea kwa harufu iliyobeba kumbukumbu njema. Muuza udi hadai zaidi ya hapo. Muuza feromoni ndiye anayedai, naye ana maswali ya kujibiwa: kemikali gani imo ndani ya chupa, ilitoka kwenye mwili wa nani, na nani mwingine aliirudia akapata matokeo yaleyale? Hakuna chupa hata moja sokoni yenye majibu ya maswali yote hayo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Dungu bila neti

Rufiji na Kibiti zina historia ndefu ya kupambana na malaria kwa takwimu. Tangu mwaka 1998 maelfu ya kaya za Rufiji zilifuatiliwa, vizazi kwa vifo, na wilaya hiyo ikawa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini kujaribiwa dawa mseto mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Kibiti ingali sehemu yake. Neti zimegawiwa. Hata hivyo maisha ya delta humtoa mtu kwenye neti yake. Mpunga ukikaribia kuiva, familia huhamia shambani na kulala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, kulinda nguruwe na ndege wasimalize mavuno. Wavuvi wa kamba hupiga dago na kulala ufukweni. Neti hubaki nyumbani inaning'inia, na mwenye harufu yuko nje.

Harufu hiyo haioshwi ikaisha. Sabuni huipunguza kwa muda, kivumbasi kikifukizwa hufukuza baadhi ya mbu, lakini pumzi haizimiki na bakteria wa ngozi hurudi. Kwa hiyo kinga inapaswa kumfuata mtu aliko: neti ya pili kwa ajili ya dungu na dago, na kwa mjamzito isikosekane hata usiku mmoja. Na yale matokeo ya Mbita yanatoa sababu nyingine ya kumpima haraka mtoto mwenye homa na kuhakikisha anamaliza dozi yote hata akishachangamka. Dawa inamponya yeye, na kumwondolea ile harufu inayomwita mbu aje kuchukua vimelea vyake na kuvipeleka kwa waliolala jirani.